Mpaka Zitakapokwisha

8 Septemba
Bunge limerudi kutoka likizo, na joto la Washington limerudi nalo. Daftari hili nimelinunua duka la dawa kwa sababu mikono yangu haitulii. Tangu asubuhi nimetafuna penseli tatu. Ni miaka kumi na tisa sasa mimi ni karani wa kamati ndogo inayogawa fedha za kazi za maji, yaani matuta ya kuzuia mafuriko, mabwawa na pampu, upande wa Baraza la Wawakilishi. Kila Septemba najiambia mwaka huu sitababaika. Uongo mtupu. Mwaka wa serikali unakwisha tarehe thelathini. Miswada ya matumizi inayotakiwa kupita ni kumi na miwili. Iliyopita mpaka leo ni sifuri.

Dada Nadine kapiga simu kutoka nyumbani, Pell's Ferry.
"Darla, pampu zangu zimefika wapi?"
Zangu, anasema, kama amezizaa.
"Zimo kwenye mswada, dada."
"Na mswada uko wapi?"
"Mezani."
"Meza gani hiyo isiyo na miguu? Tangu Februari mko mezani."

Ni katibu wa bodi ya tuta, na hajui kukata simu bila kunipa kipimo cha mto. Leo futi 9. Ukifika 30 unavuka tuta.

11 Septemba
Nimezunguka ujia wa ghorofa ya chini mara sita. Hatua mia nne na kumi kila mzunguko. Hakuna kazi, hakuna raha.

19 Septemba
Watu wa nje wanadhani Rais ndiye anayepanga fedha. Yeye huleta maombi yake mwanzo wa mwaka, kitabu kizito cha kuzuilia mlango. Tunakiheshimu, tunakiweka rafuni, halafu tunaandika mswada wetu. Katiba inasema senti haitoki hazina bila sheria. Na sheria lazima Wawakilishi na Seneti wapitishe maneno yale yale, mpaka mkato. Hapo ndipo kazi yangu na Odell inapoingia.

Odell Trask ni karani wa chama cha pili, mimi ni wa chama chenye wingi. Tukikutana na wanasiasa tunanuniana kidogo ili wafurahi. Kabla mswada haujaondoka mikononi mwetu, tunafunga mlango, mmoja anasoma kwa sauti karatasi mpya, mwenzake anafuatisha kwenye rasimu waliyokubaliana wakubwa. Kila kifungu, kila mkato. Ukurasa ukiisha, tunatia herufi zetu chini, yeye penseli ya bluu, mimi nyekundu. Mashine ipo ya kulinganisha, na tunaitumia, lakini kamati yetu haijawahi kuacha sauti. Odell ana pipi zake za mnanaa na tabia ya kunikatiza.

"Bibie, umesoma haraka."
"Nimesoma vizuri."
"Haraka. Unasoma kama mtu anayesali akiwa na njaa."

Mzee anakera. Nitamkumbuka akistaafu, lakini anakera.

26 Septemba
Kama nilivyojua. Hawakuelewana. Wanapitisha mswada wa muda: kila idara itumie kwa kiwango cha mwaka jana mpaka tarehe 19 Desemba. Wote wanapongezana kwamba serikali haikufungwa. Hakuna anayesema ile sentensi ndogo iliyomo humo, ambayo huwa haikosekani: kazi mpya yoyote isianze. Pampu ni kazi mpya.

Nimemwambia Nadine. Akasema, "Kwa hiyo mmekubaliana kutokukubaliana, na sisi ndio tuloane."
Futi 11.

3 Oktoba
Mvua. Supu ya maharagwe. Hakuna lolote.

9 Oktoba
Nadine kanitumia picha ya pampu ya mashariki. Kuna kiota cha ndege ndani ya injini. Pampu hizi ziliwekwa kabla hatujazaliwa. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Aprili, zilizimika zote mbili siku moja. Maji yaliingia nyumba ya mama mpaka madirishani. Bwana Estes, aliyekuwa akituuzia mafuta, alikutwa ndani ya gari lake kwenye barabara aliyoipita maisha yake yote. Mimi nilikuwa hapa, nikipigia mstari mikato.

Naandika hapa nisije nikasahau: pampu mpya sikuziingiza mimi kwenye mswada. Ziliombwa na Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Roscoe Tidwell, maana Pell's Ferry iko jimboni kwake. Machi nilimwandikia barua rasmi kwamba huko ni kwetu na dada yangu yuko kwenye bodi. Akaisoma, akasema, "Darla, kila mtu ametoka mahali," akaitia kwenye faili.

Tidwell ni mtu wa maneno mengi. Akiulizwa saa, anakueleza babu yake alivyonunua saa. Simtegemei sana.

28 Oktoba
Futi 14. Nadine anasema mbwa wa jirani amehamia kibarazani kwake, juu. Sikuuliza kwa nini.

13 Novemba
Wakubwa wanne, wawili wa kwetu na wawili wa Seneti, wamejifungia kugawana. Sisi tunasubiri nje na mafaili kama wagonjwa wa meno. Mlango ukifunguliwa wote tunasimama. Anatoka mtu kwenda chooni, tunakaa.

Odell leo kaniambia, "Darla, wewe umekuwa ukitembea tangu saa tatu. Utamaliza zulia la walipa kodi."
"Kaa kimya, mzee."
"Chukua pipi."
Nimechukua mbili.

27 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Sikwenda nyumbani. Nilisema kazi; ukweli ni kwamba sikutaka kukaa meza moja na Nadine akinitazama. Kanitumia keki ya njugu za pekani kwa posta. Nusu nimeila nimesimama.

4 Desemba
Wamekubaliana. Mswada mmoja mkubwa, yote kumi na miwili ndani. Kifungu chetu cha 117 kimo: kazi za maji kwa miji midogo kumi na mmoja, majina kwenye jedwali, Pell's Ferry wa saba. Mwishoni mwa kifungu yale maneno ninayoyapenda kuliko wimbo wa kanisani: *na fedha hizi ziendelee kutumika mpaka zitakapokwisha*. Bila maneno hayo, fedha hufa tarehe 30 Septemba. Usipokuwa umetia saini mkataba siku hiyo, zinarudi hazina. Na mainjinia wa serikali wanahitaji mwaka na nusu kabla hawajatia saini hata risiti ya kahawa.

Nimempigia Nadine. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Futi 17.

10 Desemba
Tumesoma siku mbili mfululizo, kurasa mia tatu na zaidi. Mashine ya kulinganisha imekwama kwa sababu wamehamisha nusu ya vifungu dakika ya mwisho, kwa hiyo ni sauti tu. Mimi nilisoma, Odell alifuatisha. Koo limeniwasha. Tulipofika 117 nilisoma kwa furaha, naweza kusema niliimba. Odell akainua macho juu ya miwani, "Hicho umekisoma taratibu, hongera." Nyekundu, bluu, ukurasa mwingine.

16 Desemba
Umepita kwetu. Wawakilishi wamepiga kura asubuhi na kufikia saa nane mchana masanduku yao yalikuwa yakibingirika kwenye marumaru kuelekea uwanja wa ndege. Sasa Seneti.

Nyumbani mvua siku ya nne. Futi 22.

17 Desemba
Naandika kila kitu, kwa sababu nikikaa bure nitapiga ukuta.

Nadine alipiga saa nne asubuhi. Bodi ya tuta inakutana leo jioni, na anataka awasomee wazee wa bodi sheria yenyewe neno kwa neno, si maelezo. Mswada uko wazi kwa mtu yeyote kwenye tovuti, na alikuwa amekwisha kuuchapisha ukurasa wake.

"Nisomee," akasema, "mimi nifuatishe. Lugha yenu hii inanichanganya pa kupumzikia."

Nikafungua nakala yangu. Nikamsomea 117 kwa mbwembwe zote.

"Darla, rudia mwisho."
"*Na fedha hizi ziendelee kutumika mpaka zitakapokwisha.*"
"Mimi sina hayo."
"Umechapisha vibaya."
"Nimechapisha ukurasa mzima, namba yake iko chini. Kwangu mwisho ni 'kama yalivyo kwenye jedwali,' nukta. Kisha 118. Wewe unasoma wapi?"

Nikatazama karatasi yangu. Kama yalivyo kwenye jedwali. Nukta. Kisha 118.

Hayapo. Nilikuwa nikiyatazama, na hayapo, na nilikuwa nimeyasoma. Miaka kumi na tisa kifungu cha namna hii huisha kwa maneno hayo, na mdomo wangu umekwenda wenyewe. Tarehe kumi nilifanya vile vile. Walipohamisha vifungu, mkia ulikatika. Odell alikuwa na rasimu yenye maneno hayo mkononi, akanisikia nikiyatamka, akatia bluu yake. Ningefunga mdomo wangu kwenye ile nukta, angenikatiza palepale.

"Darla?" Nadine akasema. "Ni kitu kikubwa?"
Nikamwambia nitampigia.

Nilimwendea Odell kwanza. Nikaweka kurasa mbili mbele yake, ya rasimu na ya mswada. Alizisoma polepole, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Nilikusikia ukiyasema," akasema.
"Niliyasema. Hayakuwepo."
"Kwa hiyo umeyasoma kichwani."
"Ndiyo, mzee. Kosa si lako. Wewe umefuatisha ulichosikia. Nitamwambia Mwenyekiti hivyo."

Akala pipi. Nilitaka kumtikisa. Kisha akasema, "Kuna dawa moja tu, na inauma." Alikuwa anasema ninalolijua. Seneti ikibadili hata mkato, mswada unarudi kwetu, na Wawakilishi wengi wameshapanda ndege kwenda kwao. Kesho kutwa serikali inafungwa. Dawa ni azimio la pembeni, la mabaraza yote mawili, linalomwamuru karani mkuu asahihishe maneno wakati wa kuandika nakala ya kumpelekea Rais. Linapita bila kura. Lakini lazima asiwepo hata mtu mmoja wa kupinga. Mmoja akisema napinga, siku mbili hizi hazitoshi kulirudisha.

Tukapanda kwa Tidwell pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele, maana mtu wa maneno mengi akikasirika huyatumia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alisoma?"
"Mimi, Mheshimiwa."
"Sisi," akasema Odell. "Tunasoma wawili. Herufi zangu ziko pale chini."

Sikumwomba aseme hivyo. Mtu wa chama cha pili, amebakiza miezi mitano astaafu, na alikuwa na njia nyeupe ya kujitoa. Nimemsema sana kwenye daftari hili.

Tidwell aliandika azimio kwa mkono wake. Odell akashuka kutafuta ridhaa ya wakubwa wake. Kufikia saa kumi upande wetu ulikuwa tayari. Baraza hufungua kikao cha dakika chache hata wakiwa likizo, kesho litapita.

Nadine nimemwambia ukweli. Alisema tu, "Haya." Kikao cha bodi ameahirisha. Futi 25.

18 Desemba
Kwetu azimio limepita saa tano. Watu watatu ukumbini.

Seneti limekwama. Seneta Bascombe ataleta pingamizi. Mtu wake ameichimbua barua yangu ya Machi kwenye faili. Anauliza: karani anakosea kifungu, halafu anaomba kisahihishwe, na mji wa saba kwenye jedwali ni kwao, na dada yake ni katibu wa bodi? Kwa sura inanuka. Hata mimi ningeuliza. Barua niliyoandika ili niwe safi ndiyo inayonichafua.

Tidwell kaniita. Safari hii hakukuwa na hadithi ya babu.

"Anasema hivi," akasema. "Maneno yarudi kwa miji kumi. Pell's Ferry ibaki kama ilivyochapwa, fedha zake zife Septemba. Akipata hivyo, hapingi."
"Na usipokubali?"
"Tunapigana. Huenda akalegea kesho. Huenda asilegee, na wote kumi na mmoja wakakosa. Ni jimbo langu, Darla. Marehemu Estes alinichangia kununua bendera ya shule. Sitaki kwenda kuwatazama wale watu." Alikuwa amekaa pembeni ya meza, soksi moja imeteremka. "Wewe ungefanyaje?"

Niliwaza mama akichota matope kwa sufuria ya kupikia jamu. Niliwaza pia yale majina kumi, nimeyasoma kwa sauti mara ngapi, na kila mji una Nadine wake amekaa karibu na simu. Kwa kosa la mdomo wangu.

"Mkubalie," nikasema.

19 Desemba
Asubuhi kwetu limepita azimio jipya, la miji kumi. Saa nane na dakika ishirini mchana, Seneti. Nimetazama kwenye televisheni ndogo ya ofisini, Odell kasimama nyuma yangu. Ukumbi mtupu. Seneta mmoja akasoma azimio, akasema linasahihisha kosa la karani. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna, imeamriwa hivyo. Sekunde kumi na moja, Odell alihesabu. Baada ya hapo mswada wenyewe ukapita. Serikali haifungwi.

Nikampigia Nadine. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyesema mkubalie.

"Wewe," akasema.
"Mimi."
"Uliulizwa, na ukasema sisi tuachwe."
"Fedha zipo, dada. Mkataba ukitiwa saini kabla ya tarehe 30 Septemba, haziguswi. Hazihitaji kuisha, zinahitaji kusainiwa."
"Mwaka na nusu, Darla. Wewe mwenyewe uliniambia mwaka na nusu."
Akakata. Hakunipa kipimo cha mto.

20 Desemba
Hapokei.

21 Desemba
Hapokei. Nimetazama kipimo mwenyewe kwenye tovuti. Futi 27.

22 Desemba
27 na nusu. Nimempelekea Tidwell barua ya kujiuzulu. Ameirudisha. Pembeni ameandika, "Januari utasoma tena na Trask. Safari hii yeye asome." Nimekwenda ujiani, mizunguko tisa.

23 Desemba
Mvua imekatika huko. 26. Nimelala kitini mchana, nikaamka na alama ya daftari shavuni.

24 Desemba
Simu saa moja asubuhi. Nilidhani ni habari mbaya.

"Umeamka?" Nadine.
"Nimeamka."
"Tumekaa jana, bodi nzima. Niliwaambia kila kitu, na jina lako nikalitaja. Junior Estes akasimama. Nikajua sasa atakutukana, na nilikuwa sijaamua kama nitamzuia."
"Akasema nini?"
"Akasema baba yake alikufa tukisubiri watu watusaidie, sasa tumepewa miezi tisa, tuache kununa. Ardhi ya kituo cha pampu ni ya kwao. Anaitoa. Kesho ni Krismasi, keshokutwa anatia saini. Kupata ardhi peke yake mainjinia walisema kungechukua miezi saba."

Nikapenga kamasi.

"Usilie, sina muda," akasema. "Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Pasaka, nimeshapanga. Lakini tumepata ile fomu ya mainjinia, ombi la kuanza usanifu, kurasa arobaini na mbili. Kuna mtu mjini hapa anayejua kusoma vitu hivi?"
"Hakuna."
"Ndiyo hivyo. Unayo mbele yako? Nimekutumia."

Nikaifungua. Nikachukua penseli nyekundu, nikasafisha koo.

"Kifungu cha kwanza," nikaanza.
"Nyamaza," akasema Nadine. "Wewe unasoma yaliyomo kichwani mwako. Nasoma mimi. Wewe fuatisha, na ukiona nukta, useme nukta."

Nikasikia akivuta kiti, akiweka kikombe, mbwa wa jirani akibweka huko kibarazani. Kisha akaanza, polepole, akikwama kila neno refu, na mimi nikaweka ncha ya penseli chini ya neno la kwanza.